Sindano za Visiwani Sese

Dawa hiyo iliitwa Atoxyl. Waliolitunga jina hilo walitaka lieleweke kuwa ni kitu kisicho na sumu, ilhali ndani yake mlikuwa na arseniki, sumu ambayo wauaji wa siri wameitumia tangu zama za kale. Mwaka 1906 dawa hiyo ilifikishwa katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, na mmoja wa matabibu wenye jina kubwa kabisa duniani wakati ule: Profesa Robert Koch wa Berlin, aliyegundua kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882 na kutunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1905. Alipoondoka visiwani mwaka uliofuata, watu zaidi ya 20 miongoni mwa waliochomwa sindano zake walikuwa wamepofuka, na nuru ya macho yao haikurudi tena.

Tumeona, ndugu wasomaji, tuyaache kidogo mazungumzo ya malezi na mirathi, tulieleze tukio hili katika safu ya juma hili. Sababu yake iko karibu na nyumba zetu. Kila inapotangazwa chanjo, na kila wanapopita watu wa utafiti wakiomba tone la damu, hapa msikitini Munanila huulizwa swali lile lile: je, tunatibiwa au tunajaribiwa? Wapo wanaolipokea swali hilo kwa kejeli, wakisema ni ujinga wa watu wa mpakani. Wapo wanaolipokea kwa hofu iliyopindukia, wakawaficha watoto uvunguni siku ya chanjo. Sisi tunaona kuwa swali lenyewe ni halali, lina historia yake, na sehemu ya historia hiyo imepita papa hapa, kati ya Ujiji na Usumbura.

Kwanza maradhi yenyewe. Wazee wa Buha hawahitaji kuelezwa malale ni nini. Mbung'o humuuma mtu porini na kumwachia vimelea katika damu. Homa huja na kuondoka, tezi huvimba, kisha vimelea huingia ubongoni, na mtu akawa analala mchana, anakesha usiku, anasema maneno yasiyoeleweka, hadi anakufa. Warina asali wanaokwenda kutundika mizinga katika misitu ya miyombo upande wa Moyowosi wamelijua jambo hili kizazi baada ya kizazi. Mwanzoni mwa karne iliyopita maradhi haya yaliangukia mwambao wa Ziwa Viktoria kwa ukali usiowahi kuonekana: Buganda na Busoga pekee walikufa watu zaidi ya 200,000 katika miaka michache. Palikuwa na vijiji ambamo hakubaki wa kuzika.

Kwa hiyo Koch hakwenda Sese kutafuta watu wazima wa kuwaumiza. Aliwakuta watu wanaokufa. Na hapa ndipo habari hii inapokuwa ngumu, wala sisi hatutaki kuirahisisha kwa ajili ya kumfurahisha msomaji. Watu wenyewe walimwendea. Walifika kwa mitumbwi kutoka visiwa vingine na kutoka bara, wengine wamebebwa na jamaa zao, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea kwamba amekuja Mzungu mwenye dawa ya malale. Mama aliyembeba mwanawe mgongoni hadi kambi ya Bugala alikuwa na tumaini lile lile analokuwa nalo mama wa Munanila anaposhuka na mtoto kwenda Kigoma mjini kutafuta daktari bingwa.

Walichofanyiwa baada ya kufika ndicho tunachokihoji. Sindano zilianza kwa nusu gramu, mara mbili kwa siku mbili zinazofuatana, zikirudiwa kila baada ya siku kumi. Vimelea vilitoweka katika damu, na Koch akatuma habari za furaha Ulaya, akiifananisha dawa yake na kwinini kwa malaria. Lakini vimelea vilikuwa vimejificha tu. Baada ya muda vilirejea. Ndipo kipimo kikapandishwa hadi gramu nzima. Wagonjwa wakaanza kulalamika maumivu makali, kichefuchefu, kizunguzungu na msokoto wa tumbo. Wengi wakatoroka kambini. Kisha macho yakaanza kufifia. Kipimo kikapunguzwa, lakini kwa waliokwisha kupofuka hapakuwa na la kufanywa.

Mtetezi wa Koch, na watetezi anao hadi leo, atasema: bila ya dawa wangekufa wote, na tabibu mwenye dawa ya mashaka mbele ya maradhi ya yakini hana budi kuthubutu. Hoja hii haitupwi kirahisi. Hata sheria yetu inamruhusu mtu katika dharura jambo ambalo katika raha haruhusiwi. Lakini dharura hupimwa kwa kiasi chake, na anayeipima kwanza ni yule ambaye mwili ni wake. Je, wale watu wa Sese waliambiwa kuwa kipimo kimepandishwa? Je, yule aliyekuja wiki ya tano aliambiwa kilichowapata macho wenzake wa wiki ya tatu? Akiambiwa, akaona kuwa kufa na macho yake ni bora kwake, au kuishi bila ya macho ni bora, huyo ameamua. Asipoambiwa, ameamuliwa.

Wala isisemwe kwamba watu wa zama zile hawakuwa wakiyajua haya. Mwaka 1898 uliibuka mjadala mkubwa katika magazeti ya Ujerumani juu ya daktari mmoja, Albert Neisser, aliyewadunga wanawake, baadhi yao wakiwa makahaba, maji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila ya kuwaambia. Kashfa ile ikafika bungeni, na tarehe 29 Desemba 1900 waziri wa Prussia akatoa maagizo kwa hospitali zake: asifanyiwe mtu jaribio lisilo la tiba ila awe mtu mzima, ameelezwa madhara yanayoweza kutokea, na ameridhia kwa kauli iliyo wazi. Maagizo hayo yaliandikwa Berlin, mji aliokuwa akiishi Koch, takriban miaka sita kabla ya safari yake. Ni kweli kwamba yalihusu majaribio yasiyo ya tiba, na Koch angeweza kusema yeye alikuwa akitibu. Lakini mtu anayebadilisha vipimo ili aone mpaka wa madhara uko wapi, akaviandika matokeo yake kwa ajili ya wakubwa waliomtuma, huyo ana mguu mmoja katika tiba na mmoja katika jaribio, na mgonjwa ana haki ya kujua ni mguu upi umekanyaga mwilini mwake.

Kutoka Sese mambo yalikuja kwetu. Koch aliishauri serikali ya Kijerumani iwatenge wagonjwa katika makambi, na wasaidizi wake, Kleine na Feldmann, wakabaki kuutekeleza ushauri huo. Makambi yakafunguliwa upande wa Bukoba na Shirati, kisha katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, Usumbura na eneo la Ujiji na Kigoma. Waafrika walifundishwa kazi ya kupita vijijini wakipapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba, na aliyekutwa nazo akapelekwa kambini kuchomwa Atoxyl. Watu wa mwambao waliwajua wapapasaji hao na wakajifunza kuwakwepa. Msomaji atambue hapa kwamba ile tabia ya kukimbilia migombani linapoonekana gari la afya haikuanza jana kwa sababu ya uvumi wa simu. Babu zetu waliianza, na walikuwa na sababu.

Wengine walikuwa wakijaribu dawa wakiwa mbali kabisa na mgonjwa. Paul Ehrlich, mwanasayansi mkubwa wa Frankfurt, alitengeneza dawa nyingine za arseniki katika maabara yake, na madaktari wa makoloni wakawa ndio wa kuzipima juu ya Waafrika. Kisha vita vya 1914 vikaondoa Wajerumani. Mwaka 1921 hadi 1923 Kleine yule yule akarudi Afrika, safari hii Rhodesia ya Kaskazini na Kongo ya Wabelgiji, akiwa na dawa mpya ya kampuni ya Bayer. Dawa hiyo ilifaulu. Leo inaitwa suramini, na kwa miaka mingi imeokoa warina asali na wawindaji wa Kibondo waliowahishwa hospitali kabla vimelea havijaingia ubongoni. Tumeulizwa na kijana mmoja wa darasa la jioni: basi dawa iliyopatikana kwa njia ile ni halali kuitumia? Tulimjibu kuwa ndiyo, mgonjwa hana dhambi ya waliomtangulia, na kuiacha dawa hakumrudishii macho mtu wa Sese. Lakini kuitumia hakuwi hati ya kuwasafisha walioijaribu.

Waingereza walipochukua nchi hawakuwa na Atoxyl nyingi, bali walikuwa na ramani. Katika miaka ya 1930 watu wa sehemu nyingi za nyanda za Kibondo na Kasulu walihamishwa kutoka makazi yao ya kutawanyika na kukusanywa katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Jambo hilo lina mema na mabaya yake, na tunaliacha kwa wanahistoria. Tunachotaka kukitaja ni maabara ya Tinde, huko Shinyanga. Kuanzia mwaka 1934 watafiti wa Tinde walichukua vimelea vya malale ya aina yetu, wakavipitisha kwa mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo na katika paa wa porini, na kila baada ya muda wakawaambukiza watu ili waone kama vimelea hivyo bado vina uwezo wa kumshika binadamu. Jaribio liliendelea kwa zaidi ya miaka 20. Waliotiwa maradhi wanaitwa katika maandishi ya watafiti kuwa ni wahiari, na walitibiwa baadaye.

Wahiari. Neno hilo limetusumbua. Mtu wa kijijini, chini ya serikali ya mkoloni, mwenye kodi ya kulipa na mbele yake amesimama mkubwa asiyezoea kukataliwa: hiari yake ina uzito gani? Pengine wapo walioelewa na wakakubali kwa moyo safi. Hatuwezi kuwanyima heshima hiyo. Lakini karatasi za utafiti zina namba ya kimelea, namba ya kondoo na siku ya homa, na katika karatasi hizo sauti ya mtu mwenyewe haisikiki.

Sauti hizo zimeanza kutafutwa. Profesa Wolfgang Eckart wa Ujerumani alichapisha mwaka 1997 kitabu kikubwa juu ya utabibu na ukoloni wa Kijerumani. Mwaka 2015 Melissa Graboyes alitoa kitabu juu ya utafiti wa kitabibu Afrika Mashariki tangu 1940, na mwaka 2019 Mari Webel akatoa chake juu ya malale katika Sese, Kiziba na mwambao wa Tanganyika. Ni kazi isiyo na makelele, ya kukaa chumbani na makabrasha ya zamani. Tunaamini kuwa mtafiti anayesoma katika daftari la miaka mia moja iliyopita safu yenye neno moja, "kipofu", kisha "kipofu", kisha "kipofu", anahitaji kusimama kidogo kabla ya kugeuza ukurasa.

Kuna mchunguzi mwingine aliyekutana na mambo haya yakiwa bado mabichi. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, Marekani ilimtuma Ujerumani Dkt. Leo Alexander, daktari wa akili aliyezaliwa Vienna, achunguze kazi za madaktari wa Kinazi. Mwanzoni wenzake wa taaluma walimwonesha majaribio ya wanyama tu, kwa adabu na kwa vielelezo. Alikuja kugundua baadaye, kwa hati zilizopatikana, kwamba katika kambi ya Dachau wafungwa walitumbukizwa katika maji ya barafu ili ipimwe inachukua muda gani mtu kufa kwa baridi. Ushahidi kama huo ukazaa kesi ya madaktari mjini Nuremberg, iliyofunguliwa tarehe 9 Desemba 1946. Washtakiwa walikuwa 23; walitiwa hatiani 16, na 7 kati yao wakanyongwa. Katika hukumu ya Agosti 1947 majaji waliandika masharti 10 ya utafiti juu ya binadamu, na sharti la kwanza kabisa ni ridhaa ya hiari ya mtu mwenyewe.

Lakini uko uzi mmoja ambao haukupitia Nuremberg, nao unaanzia huku kwetu. Profesa Claus Schilling alikuwa daktari katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na mwaka 1905 akapewa kuongoza idara ya maradhi ya nchi za joto katika taasisi ya Koch mjini Berlin. Kuanzia mwaka 1942, akiwa mzee aliyekwisha kustaafu, aliwaambukiza malaria wafungwa zaidi ya 1,000 wa Dachau, wakiwemo mapadri wa Kipoland, ili ajaribu chanjo na dawa. Wengi walikufa. Alipofikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Wamarekani mwishoni mwa 1945, mzee huyo wa miaka 74 aliomba aruhusiwe amalize kuandika ripoti yake, kwa kuwa ingekuwa hasara kwa elimu. Alinyongwa tarehe 28 Mei 1946. Hatusemi kwamba Sese na Dachau ni kitu kimoja. Koch alitafuta kuponya, na Schilling aliwaambukiza watu wazima wasio na uwezo wa kukataa. Tunasema tu kwamba mtu aliyezoea, katika nchi za watu, kumwona mgonjwa kama shamba la kujaribia mbegu, hazoei jambo hilo kwa nusu.

Na mambo haya hayakuisha na ukoloni. Mwaka 1996, mjini Kano, Nigeria, katika mlipuko mkali wa uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya iitwayo Trovan kwa watoto. Watoto 200 waliingizwa katika jaribio, nusu wakapewa Trovan na nusu dawa nyingine; 11 walifariki, na wengine wakabaki na ulemavu. Wazazi wengi walisema hawakujua kuwa watoto wao wamo katika utafiti; walidhani wanatibiwa kama wengine. Kampuni ilikana kuwa na kosa, lakini barua ya kamati ya maadili iliyooneshwa kama kibali ilikuja kubainika kuwa iliandikwa baadaye, kwa kuwa kamati yenyewe haikuwapo wakati ule. Waandishi wa gazeti la Washington Post walilifichua suala hilo Desemba 2000. Mwaka 2009 kampuni ikakubaliana na serikali ya jimbo la Kano kulipa dola milioni 75.

Fidia hiyo haikuweza kununua kitu kimoja, nacho ni imani ya watu. Mwaka 2003 viongozi wa kaskazini mwa Nigeria, Kano ikiwa mbele, walisimamisha chanjo ya polio kwa miezi kadhaa wakihofia kuwa ina kitu kibaya ndani yake. Trovan haikuwa sababu pekee, lakini nani angewalaumu wazazi waliokuwa na makaburi ya kuonesha? Kirusi kikasafiri kutoka huko hadi nchi karibu 20, kikafika Yemen na Indonesia, na watoto wa Kiislamu katika nchi hizo wakapooza miguu. Tunawaomba wasomaji waisome aya hii mara mbili, kwa kuwa inayabeba yote mawili: dhulma ya aliyeficha jambo, na gharama ya shaka isiyotofautisha.

Kutofautisha ndiko tunakokutaka. Chanjo ya polio iliyotolewa Kigoma na mikoa jirani Septemba 2023 haikuwa jaribio juu ya watoto wa Munanila. Jirani zetu wa Burundi, ambao tunasikia adhana zao ng'ambo ya Manyovu, walikuwa wametangaza mlipuko wa polio mwezi Machi mwaka huo huo. Kumficha mtoto wakati ule kulikuwa ni kumwacha mlangoni mwa maradhi. Huduma hutolewa kwa kila mtoto wa umri uliotajwa, na kadi yake huandikwa. Utafiti una alama zake nyingine: watu huchaguliwa, huandikwa namba, hurudiwa mara kwa mara, na lazima waletewe fomu ya ridhaa. Mkiona fomu, jueni kwamba mmeombwa, na anayeombwa ana haki ya kukataa.

Hapa Tanzania hakuna utafiti wa afya juu ya binadamu unaoruhusiwa bila ya kibali cha maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya iko chini yake. Jaribio la dawa huhitaji pia idhini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA. Utafiti mwema upo, na tumeuona. Chanjo ya malaria ilijaribiwa Bagamoyo na Korogwe kati ya 2009 na 2014, katika jaribio kubwa la nchi saba za Afrika lenye watoto zaidi ya 15,000, na wazazi wao walitakiwa kutia saini. Hata malale yenyewe, yaliyotibiwa kwa arseniki kwa karibu miaka mia moja, sasa yana vidonge vya kumeza, feksinidazoli, ambavyo kwa aina yetu ya malale vimejaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda walioridhia. Wagonjwa hao wametutendea wema sisi watu wa misitu ya miyombo, na tunawaombea.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi makatibu wa kamati. Anapokosekana wa kusoma katika nyumba, mtafiti huomba shahidi, naye mara nyingi huelekezwa msikitini au kwa mwenyekiti wa kitongoji. Bibi anaweka dole gumba, na sisi tunatia saini pembeni kuthibitisha kwamba ameelezwa na ameelewa. Ndugu zetu makatibu, saini ile ni ushahidi, na ushahidi mnaujua hukumu yake. Fomu imeandikwa kwa Kiswahili cha ofisini, na bibi anaota ndoto zake kwa Kiha. Ikiwa imesomwa haraka, kwa lugha asiyoishi nayo, akatikisa kichwa kwa heshima ya wageni, hapo hakuna ulichokishuhudia isipokuwa adabu yake. Mwambieni mtafiti arudie kwa Kiha. Mwambieni bibi naye aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, ni nini kitachukuliwa mwilini mwake, kitapelekwa wapi, nini kitatokea akidhurika, na kama anajua kuwa anaweza kujitoa kesho bila ya kunyimwa dawa za presha anazozipata zahanati. Akishindwa kueleza, kalamu ibaki mfukoni.

Na wenye nyumba nao tuna neno nao. Baadhi ya waume hudhani kuwa saini yao inatosha kwa mke. Haitoshi. Mke aliye mtu mzima na mwenye akili timamu ndiye mwenye kuridhia au kukataa juu ya damu yake. Kushauriana na mumewe ni jambo jema, ila kuamuliwa ni jambo jingine. Mtoto husimamiwa na walii wake, na aliyekwisha kupambanua huulizwa naye. Fiqhi yetu haikuwa nyuma katika hili. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, aliwagawa matabibu katika Zad al-Maad kwa kuzingatia ujuzi wao na idhini waliyopewa, akajadili ni wakati gani tabibu atabeba dhamana ya kiungo alichokiharibu. Na idhini ya mgonjwa au ya walii wake imo katikati ya mjadala huo. Hayo yaliandikwa karne tano na nusu kabla ya Koch kushuka Bugala na masanduku yake.

Kamati imekubaliana kwamba fomu yoyote ya utafiti itakayoletwa kwa waumini wetu itasomwa kwanza kwa Kiha baada ya swala ya Isha, wanawake wakiwepo upande wao na wakiwa huru kuuliza. Mtafiti atakaribishwa kukaa nasi na kujibu. Tutamuomba namba ya kibali chake, na nakala ya fomu iliyotiwa saini ibaki kwa mwenyewe, kwani ni haki yake. Wasiokuwa na mahali pa kutunza karatasi wanaweza kuileta kwetu. Lipo kabati ofisini kwetu, na ufunguo wake anao mweka hazina.